Madam wa Slaidi

Sote tulimwita Madam. Hata mumewe, alipopita jioni kumchukua, alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi na kutuuliza, "Madam amemaliza?" Mwanzoni nilidhani ni utani wa ndoa yao. Baadaye nikaona kwamba katika vile vyumba viwili vya ghorofani, juu ya duka la vitambaa mjini Kisumu, hakuna aliyeweza kumwita vingine. Alikuwa Madam kwa wanafunzi, kwa mwenye nyumba, kwa wahubiri, na kwa mama aliyetuletea nyoyo mchana, mahindi na maharagwe yakiwa bado yanafuka moshi ndani ya ndoo.

Alifundisha kompyuta tangu enzi ambazo kompyuta ilivuliwa viatu. Tuliviacha ngazini. Mwenye soksi aliingia na soksi, na asiye nazo alijipangusa kwanza nyayo kwenye gunia lenye maji. Madam aliamini kwamba vumbi la Kisumu lina nia mbaya. Kila mashine ilikuwa na kifuniko alichokifuma kwa mkono wake, kila kimoja na rangi yake, nasi tukazitaja mashine kwa rangi hizo. "Leo nimekaa kwa ile ya njano," tulisema, kama mtu anayetaja ng'ombe wa kwao. Chakula kilikuwa marufuku kabisa mle ndani. Na bado, ukiinua kibodi yake yeye, maganda ya njugu yalimwagika mezani.

"Hizo ni za panya," alisema bila haya, huku akitafuna.

Stima ya mji wetu ilipotea bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila alipohisi tumezama kazini alipiga meza kwa rula na kuita, "Hifadhi!" Nasi darasa zima tukahifadhi. Mazoea hayo yalituingia kwenye damu. Nina rafiki niliyesoma naye hapo, sasa ni mama wa watoto wakubwa, ambaye akipika ugali na taa ikayumba, huliita neno hilo kwa sauti jikoni peke yake.

Watu walimwogopa kwa sababu ya mdomo wake, lakini mdomo huo ulichagua. Waliojua haraka hakuwapenda sana. "Wewe umejua, basi nyamaza," aliwaambia. Wale wazito wa kuelewa ndio aliowapa jioni zake. Kulikuwa na mhubiri mzee aliyekuja kujifunza ili achape mahubiri yake. Siku ya kwanza aliinua kipanya hewani na kukielekeza kwenye skrini, kama mtu anayewasha televisheni. Tulicheka mpaka machozi. Madam akatutoa nje sote, akafunga mlango, akabaki naye mpaka soko lilipoanza kufungwa. Kesho yake alitungoja juu ya ngazi.

"Anayemcheka mwenzake akijifunza," alisema, "atajifunza peke yake." Wiki hiyo nzima hakutujibu swali lolote. Mhubiri, kwa huruma, ndiye aliyetusaidia.

Alichokipenda kuliko vyote ni slaidi. Kuandika barua kwa kompyuta alikuona kuwa kazi, lakini slaidi zilimpa furaha. Alizipamba kama bi harusi: nyuma buluu, maneno ya njano, na kila herufi iruke kutoka pembeni na kutua mahali pake. Programu ya zamani ilikuwa na sauti zake, mlio wa taipureta, breki za gari, makofi, naye alizitumia zote. Aliwatengenezea wavuvi slaidi za magugu yaliyokuwa yakiziba ziwa. Aliyatengenezea makanisa, vikundi vya akina mama, na mwenye nyumba wetu, mzee Mhindi aliyeuza vitambaa kule chini na ambaye kila mara alilalamika kwamba miguu yetu inamwangushia vumbi la dari. Wazazi wa mzee huyo walipotimiza miaka mingi ya ndoa, alipanda ngazi mwenyewe, akavua viatu, akaomba slaidi. Baba yake alifariki kabla ya sherehe, lakini familia ikaamua iendelee kwa ajili ya mama. Madam akaongeza slaidi ya kumkumbuka baba, akasahau kuondoa makofi. Jina la marehemu lilitua kwenye skrini na ukumbi mzima ukasikia watu wakishangilia.

"Madam," mzee akamwambia kesho yake kwenye ngazi, "makofi hata kwa baba?"

"Aliishi vizuri," Madam akajibu. "Kwa nini asipigiwe?"

Mzee akafikiria, akacheka, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja vumbi la dari.

Lakini kazi iliyomjengea jina ni ya mazishi. Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Watu hutoka mbali, tenti husimamishwa, na maisha ya marehemu husomwa mbele ya wote. Madam ndiye aliyeleta wazo la kuyaonyesha kwa picha. Alisafiri na projekta yake ameipakata kama mtoto, hadi Katito, hadi Kombewa, hadi ndani kabisa ya Nyakach, akatundika shuka jeupe na kuwaagiza vijana wa boma walizungushie mablanketi meusi ili jua lisiimeze picha. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Kisha marehemu akatokea juu ya shuka akiwa kijana, amevaa suruali pana, na bibi vizee wakapiga kelele kwa kumtambua.

Alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: picha ya mtu akiwa mgonjwa kitandani hakuiweka, hata familia ilie vipi. "Kitanda si chake," alisema. "Ni cha hospitali." Mimi niliyemfuata kwenye mazishi mengi kubeba nyaya sikuwahi kumwona akitoa chozi. Niliwahi kumwona akilia mara moja tu, siku ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu alibeba skrini ile kubwa yenye kifuniko cha njano na kuitupa ndani ya mkokoteni wake.

Programu mpya ilipokuja, na faili za slaidi zikaanza kuhifadhiwa kwa namna mpya, yeye alikataa. Faili za zamani jina lao huishia kwa p-p-t. Za sasa zimeongezewa x mwishoni. Wanafunzi wa baadaye walimcheka kwamba herufi moja tu imemshinda. Haikumshinda. Alikuwa amekaa na faili hizo miaka na kuzisoma ndani, na siku moja alitufundisha kile ambacho hakikuwa kwenye mtihani wowote.

Alichora ubaoni sanduku la bati la shule ya bweni. "Faili ya zamani ni hii," alisema. "Ukiiona kwa nje ni kitu kimoja, na kina kufuli. Lakini wewe uliyesoma bweni, ndani ya sanduku lako kulikuwa na nini?"

"Nguo, Madam. Sabuni. Mkate."

"Vilichanganyika?"

"Hapana. Kila kitu na kona yake."

"Basi na hapa ni hivyo. Maneno ya slaidi yana kona yao. Picha zina kona yao. Na kuna ramani ndogo inayosema nini kiko wapi. Asiye na ufunguo anaona bati tu."

Kando yake akachora gunia lililofungwa kamba. Hiyo ilikuwa faili mpya. Ukifungua kamba, alisema, unakuta vifurushi vingi, kila kimoja kimeandikwa jina lake kwa lugha ambayo hata wewe ungeweza kuisoma ukiwa na subira, na vyote vimebanwa ili visijaze nafasi. "Gunia ni zuri kwa kubeba," akakubali. "Sina ugomvi nalo. Lakini mimi mambo ya watu nimeyaweka kwa sanduku, na kila mtu akihamia gunia, nani atakumbuka jinsi sanduku linavyofunguliwa?"

Wenzangu walikuwa wanaangalia saa. Mimi niliuchora mchoro ule, na tangu siku hiyo aliniita nyathina, yaani mwanangu.

Miaka ikapita. Chuo kikafungwa, kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa na kompyuta mfukoni. Mumewe alifariki. Madam alihamia nyumbani kwao Seme, upande wa Kombewa, na mimi nikafungua duka langu la kuchapa na kupiga picha pale Katito. Tulipigiana simu wakati wa sikukuu. Nilisikia kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anangojea zamu ya kupasuliwa.

Kisha siku moja akaingia dukani mama mmoja kutoka Pap Onditi, mjane, akajitambulisha kama Mama Ouma. Alitoa CD iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Maji ya mafuriko yalikuwa yameingia kwake na kuchukua sanduku la albamu. Hakubaki na picha hata moja ya mumewe. Sasa mjukuu wake aliyerithi jina la mzee ameanza shule, na kila siku anauliza huyo mtu aliyeitwa kwa jina lake alikuwa na sura gani.

"Mimi namwambia tu alikuwa mrefu," Mama Ouma alisema. "Mtoto ananiangalia."

CD ilikuwa imekwaruzika. Nilijaribu tena na tena, nikafanikiwa kunakili kipande cha faili, lakini kila programu niliyoijua ilikataa kuifungua. Nikamuuliza ni nani aliyeitengeneza.

"Ni yule mwalimu wa Kisumu. Madam."

Tulikwenda Seme pamoja wiki hiyohiyo. Madam alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Nilimshika mkono, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye.

"Nyathina, umenenepa."

"Madam, si wanasema huoni?"

"Nimesikia kiti."

Mama Ouma akasalimia. Madam akainamisha kichwa, akasikiliza hata baada ya salamu kwisha. "Sauti hiyo naijua. Wewe ni wa Pap Onditi. Ulikuja ofisini na shemeji zako, ukanipigia kelele."

"Nilikuwa na uchungu, Madam."

"Najua, mama. Mos." Pole.

Nilifungua kompyuta niliyokuja nayo, nikamweleza hali ya faili. Aliuliza ina ukubwa gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mwisho wake umekatika. Ramani imepotea, ndiyo maana programu haina pa kuanzia. Usilazimishe. Ifungue kwa ile inayoonyesha faili ikiwa uchi."

Niliifungua. Skrini ikajaa alama zisizosomeka, mstari juu ya mstari.

"Unaona nini?"

"Takataka, Madam."

"Si takataka. Shuka polepole. Maneno yatatokea, lakini yamekaa mbalimbali, herufi na pengo, herufi na pengo."

Kweli, yakatokea: S, a, f, a, r, i. Safari ya Mzee Wetu. Mama Ouma aliposikia nikiyasoma alishika mdomo.

"Sasa tafuta J, F, I, F, zimefuatana," Madam akaendelea. "Picha zako nyingi tuliziskani, na kila picha ya namna hiyo hujitambulisha hivyo inapoanza. Rudi nyuma kidogo tu kabla ya hizo herufi, kata kutoka hapo mpaka picha ifuatayo inapoanza, na uihifadhi kama picha."

Nilitafuta, nikakata, nikahifadhi. Picha ya kwanza ikafunguka: mwanamume mrefu kando ya baiskeli, uso wote kwenye kivuli cha kofia. Mama Ouma akasogea. Ya pili ilikuwa ya walimu na wanafunzi mbele ya shule, na yeye yuko nyuma kabisa, uso mdogo kama punje. "Hapo hata mimi simwoni vizuri," Mama Ouma alisema.

Ya tatu ilipofunguka, niliacha kubofya.

"Umeacha kubofya," Madam akasema. "Umeona nini?"

"Ni mzee. Amekaa kwenye nyasi pale karibu na ziwa, Kisumu. Amebeba mtoto mabegani. Msichana, gauni jeupe."

Njiani Mama Ouma alikuwa ameniambia kwamba alizaa wavulana tu, kwa hiyo nilitaka kugeuza skrini, lakini alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Hiyo nilisema iondolewe," alisema.

"Uliniambia, na niliiondoa," Madam akajibu. "Ndiyo sababu ulinipigia kelele, kwamba shemeji zako wameleta picha za yule mama mwingine na mtoto wake. Niliondoa, nikaweka za harusi yako. Lakini programu ile ya zamani ilikuwa na tabia yake. Ukihifadhi kwa haraka haiandiki kila kitu upya. Inaongeza mapya mwishoni na kusema, kuanzia leo someni hapa. Yale ya kwanza inayaacha palepale. Hayaonyeshwi, lakini yamo."

"Na mwisho ndio uliokatika," nikasema.

"Ndiyo. Za harusi zilikuwa mwishoni. Zimekwenda."

Mama Ouma alikaa chini. "Kwa hivyo zangu ndizo zimepotea, na za yule mwanamke ndizo zimebaki."

"Ndivyo ilivyo. Siwezi kukudanganya nyumbani kwangu."

Nilidhani angefunga kitambaa chake na kuondoka. Madam, ambaye maisha yake yote alikuwa na la kusema, alifumba macho yale yasiyoona na kungoja.

"Kuza uso," Mama Ouma akaniambia hatimaye.

Nikakuza. Mzee alikuwa anacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa, na juu mbele palikuwa na nafasi ya jino lililong'oka.

"Pengo," alisema taratibu. "Hakutaka lionekane kwa picha. Siku ya harusi mpiga picha alimbembeleza, akakataa kufungua mdomo. Mimi nilikuwa nimesahau liko upande gani."

Alilitazama. Kisha akauliza kama naweza kumkata yule mtoto, ibaki sura ya mzee peke yake.

"Anaweza," Madam alijibu kwa niaba yangu. "Ni kazi ndogo."

Mama Ouma akainama karibu na skrini. Mtoto, ili asianguke, alikuwa amemshika baba yake sikio kwa mkono mzima. "Ukimkata, utakata na sikio."

"Naweza kujaribu kuzunguka, mama."

"Wacha." Akanyoosha mgongo. "Huyu msichana saa hii ni mtu mzima. Mwanangu Ouma huwa anaongea na yeye kwa simu. Anafikiria mimi sijui." Akatoa simu yake, akatafuta jina, akatuambia, ingawa hatukuuliza, "Namba ya mama yake niliitoa kwa simu ya Ouma. Nimeiandika Fundi, ndio mtu asijue."

Simu ikaita kwa muda mrefu upande wa pili. Sauti ya mwanamke ikaitika. Mama Ouma akafunga macho.

"Nyieka," alisema, mke mwenzangu, neno ambalo sidhani lilikuwa limewahi kutoka kinywani mwake. "Ni mimi. Usikate."

Madam aliinuka, akapapasa mpaka akapata bega langu, nami nikamtoa nje hadi kwenye benchi la barazani. Jua lilikuwa limelegea na kuku walipita miguuni petu. Sauti ya ndani ilitufikia kwa vipande, mara chini, mara juu.

"Analia?" Madam akaniuliza.

Nikasikiliza. "Hapana. Wanabishana. Kila mmoja anasema ndiye alimnunulia mzee ile shati ya kwenye picha."

Madam akacheka, akaegemea ukuta wa nyumba yake. "Basi watachukua muda," alisema. "Nenda uniletee chai."